Tusaini mkataba wa kaboni na kuacha mbolea?

SWALI: Bwana Afisa, nina ekari mbili za mahindi na maharagwe karibu na Kimilili. Kikundi chetu kimeletewa mkataba wa kaboni wa miaka 20. Kila mwanachama atoe shilingi 2,000 za usajili, na mbolea ya dukani tuiache kabisa kwa kuwa inaharibu hali ya hewa. Tusaini?

JIBU: Hizo 2,000 msitoe. Kwa kawaida gharama ya kupima na kukagua hubebwa na mwenye mradi, naye hujilipa akishauza hati za kaboni, yaani vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa mashambani mwenu.

La mbolea ndilo linaloniudhi, maana nalisikia kutoka Webuye hadi Vihiga. Udongo wetu mwingi una asidi, na fosforasi kidogo iliyomo, kirutubisho cha mmea, hukamatwa na chuma na alumini, mizizi isiipate. Samadi ni nzuri, ila ng'ombe aliyekula mabua ya shamba hilohilo atarudisha fosforasi gani ambayo haikuwamo? Pima udongo, tia chokaa ya kupunguza asidi ikihitajika, kisha mbolea ya kupandia kwa kipimo.

Ni kweli, naitrojeni ya mbolea ikizidi hutoa kwa wingi naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Ikizidi, nimesema. Lawama hiyo ni ya wanaomwaga mbolea kupita mahitaji ya mmea. Wewe unayepima kwa kifuniko cha soda kila shimo inakuhusu nini? Sri Lanka walipiga marufuku mbolea za viwandani Aprili 2021, ghafla, wakulima hawajajiandaa. Novemba serikali ikarudi nyuma, lakini mavuno ya mpunga yakaporomoka na nchi ikaagiza mchele.

Na hesabu yenyewe ya kaboni ni ndogo. Hati moja ni tani moja ya kaboni dioksidi. Ekari ya mahindi mara nyingi haiifikishi kwa mwaka. Mradi wa Vi Agroforestry, shirika la Sweden, Kisumu na Bungoma, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kupata hati za kaboni ya udongo, mwaka 2014, na hata huko faida ya mkulima ilikuwa zaidi kwenye magunia ya mavuno.

Anayewaambia mpunguze magunia ili mpate kaboni anawauzia njaa. Mahindi yakidhoofu mabua hupungua, na kaboni ya kurudi udongoni nayo hupungua. Wakija tena, waulizeni mradi umeandikishwa wapi chini ya sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023, nani atamiliki hati, na ukitaka kugawia wanao shamba mwaka wa saba itakuwaje. Majibu yawe kwa maandishi.