Vimentini (protini ya nyuzi za kiunzi cha seli) kwenye seli za beta, zile zinazotengeneza insulini: ni uchafu wa seli nyingine au ni zenyewe?

Yote mawili yanawezekana. Ndani ya kongosho, seli ya beta iliyokomaa hubeba keratini 8 na 18 (protini nyingine za nyuzi za kiunzi) kwa kiasi kidogo. Vimentini nyingi unayoiona kwenye kisiwa cha Langerhans (kikundi cha seli za homoni ndani ya kongosho) ni ya mishipa ya damu na tishu unganishi. Ila ukizitawanya seli na kuzikuza kwenye sahani, zile za beta hulala bapa, hupunguza insulini na kuanza kutengeneza vimentini.

Kwa hiyo paka kingamwili mbili pamoja: ya vimentini na ya peptidi C (kipande kinachokatwa seli inapotengeneza insulini yake). Usitegemee insulini, kwani vyakula vingi vya kukuzia seli huwekewa insulini na seli yoyote huweza kuifyonza, ukadanganyika. Ongeza keratini 19 kuzitambua seli za mirija. Hata hivyo, seli ya beta iliyokwisha poteza homoni itakukwepa. Hapo dawa ni kuzitia seli za beta alama ya kijeni mapema, kabla ya kuzikuza.

Ukitaka kuona na aktini (protini nyingine ya nyuzi za seli) kwa faloidini (kemikali yenye rangi inayoishika), gandisha seli zibaki zilivyo kwa paraformaldehaidi 4%, dakika 15. Ukigandisha kwa methanoli, huharibu umbo la nyuzi za aktini, faloidini ikakosa pa kushika.