Krimu ya mimea nayo ijaribu kwanza

Nimekulia Newala, kwenye nyumba ya kubangua korosho. Bibi hakugusa korosho kabla ya kujipaka majivu viganjani, maana mafuta ya ganda yakikupata yanababua. Ngozi inatoka malengelenge, kisha inabanduka. Kwa malezi hayo sikupaswa kudanganyika na neno "asilia".

Nilidanganyika. Mwaka juzi nilishinda juani ufukweni Shangani, uso ukaniungua. Nikanunua krimu ya kutuliza ngozi, kopo limechorwa maua ya kamomaili, nikajipaka uso mzima usiku ule ule. Kesho yake mashavu yaliwasha, na siku ya pili kope zilivimba, vipele vikashuka hadi shingoni. Daktari akasema ni mzio. Kamomaili ni ya ukoo mmoja na alizeti, na wapo watu ambao miili yao haipatani na mimea ya ukoo huo.

Ndugu zangu, jaribuni kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Najua ni muda mrefu, lakini mzio wa ngozi unaweza kuchukua siku mbili au zaidi kujitokeza, kwa hiyo kupaka dukani na kusubiri dakika tano hakukuambii kitu. Pakiwasha au pakiwa pekundu, osha na uache. Na usijaribishie ngozi iliyochubuka au iliyoungua, kama nilivyofanya mimi.

Shubiri ya uani nayo ina utaratibu wake. Ukikata jani utaona majimaji ya manjano yanachuruzika karibu na ganda: hayo ndiyo yanayowasha. Bibi alikuwa akilisimamisha jani kwenye bakuli mpaka yaishe, analiosha, ndipo anamenya na kuchukua ute mweupe wa katikati. Ndimu usijipake kabisa ukatoka juani. Inaunguza na kuacha madoa meusi ya miezi.

Dukani, soma orodha ya viungo. Kilichoandikwa mwanzo ndicho kingi, na mara nyingi manukato ndiyo yanayoleta mzio, si mmea uliochorwa kwenye kopo.

Ukivimba midomo au ukipumua kwa shida, usisubiri kesho. Nenda hospitali sasa hivi, na kopo lenyewe ulibebe ukamwonyeshe daktari.