Mstari ukinyooka, usibonyeze umeme
Umemshtua mgonjwa kwa umeme katika gemu ya udaktari baada ya mstari wa moyo kunyooka, ukakatwa alama, na unauliza kama gemu imekosea. Hapana, haijakosea: mstari ukinyooka kwenye monita ya moyo, umeme hausaidii. Kazi ya umeme ni kuzima mapigo yaliyovurugika ili moyo ujipange upya. Moyo uliosimama kabisa hauna cha kuzimwa. Shtua pale tu mawimbi yanapotetemeka ovyo, au yanapokuwa mapana na kwenda mbio huku mgonjwa hana mapigo shingoni.

Kwa mstari mnyoofu, kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 hadi 6, dawa ya adrenalini miligramu 1 mshipani mapema, rudia kila dakika 3 hadi 5, na utazame monita kila dakika 2. Ndivyo mwongozo wa American Heart Association (chama cha moyo cha Marekani) kwa watu wazima unavyosema. Unaweza kumpoteza mgonjwa hapa ukirudia dawa tu bila kutafuta chanzo: damu iliyomwagika, oksijeni iliyopungua, potasiamu iliyozidi au kupungua mwilini. Na kagua nyaya kwanza, tafadhali. Waya uliochomoka kifuani huchora mstari uleule.

Ila gemu iliyotungwa kwa kuiga sinema inaweza kuukubali umeme huo.