Viatu Nje, Simu Kabatini

SWALI: Shikamoo Mjomba. Niko Chennai, nimemsindikiza dada yangu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Alhamdulillahi anaendelea vizuri, ila daktari anataka tubaki wiki mbili zaidi kwa ajili ya kliniki. Hotelini nimechoka kuhesabu mapangaboi. Dereva mmoja ananishawishi tukodi gari twende Madurai kuona hekalu kubwa, eti tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi ni Mwislamu. Wataniruhusu kuingia? Nivae nini? Na dini yangu inasemaje? — Msindikizaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole dada. Nianze na hilo la mwisho: la dini mpelekee sheikh wako, mimi sitajitia umufti. Nitakujibu la mlangoni, maana nilisoma Tiruchirappalli na milango ya huko naijua.

Dereva wako anatafuta nauli. Madurai ni zaidi ya kilomita 450 kutoka hapo ulipo. Ukitoka alfajiri utafika mchana, na mchana hekalu hilo, la Meenakshi, limefungwa. Hufunga kama saa sita na nusu na kufungua tena saa kumi jioni. Juu ya hayo, simu utaikabidhi nje. Ulipozuka moto kwenye maduka ya ndani mwaka 2018 walipiga marufuku simu, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mahekalu ya Tamil Nadu, yaani jimbo zima ulilomo, yafanye vivyo hivyo. Sasa dada akikupigia kwamba kidonda kinamsumbua, simu iko kabatini na wewe uko Madurai, itakuwaje? Ile minara yake 14 ni ya ajabu, wa kusini una zaidi ya mita 50 na umejaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi juu, lakini haitahama. Utairudia siku huna mgonjwa.

Nenda Mamallapuram. Ni kilomita 55 hivi kusini mwa Chennai, kwa barabara ya pwani, asubuhi moja inatosha. Hekalu lake la ufukweni lilijengwa na wafalme wa Pallava katika karne ya 8, na siku hizi halina ibada. Liko chini ya idara ya mambo ya kale, unakata tiketi kama jumba la makumbusho. Wageni hulipishwa zaidi ya wenyeji, usigombane na mtu wa dirishani. Tsunami ya mwaka 2004 ilipoyavuta maji nyuma, mawe yaliyokuwa yamefukiwa yakaonekana, na wachimbuaji wakakuta hapo misingi ya hekalu jingine.

Ila mimi ningekupeleka kwanza kwenye lile jabali lililochongwa, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Watu hupiga picha tembo, kwa sababu ni wakubwa kama tembo wa kweli, wakaondoka. Wewe tazama karibu na miguu ya yule tembo mkubwa. Kuna paka amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameinua juu ya kichwa kama mcha Mungu anayejitesa kwa toba, na panya wamemzunguka kwa amani. Kwenye jabali hilo hilo amechongwa na mcha Mungu mwenyewe, mtu, amesimama kwa mguu mmoja na mikono juu vile vile, mbavu zinahesabika. Mchongaji wa miaka 1,300 iliyopita alikuwa anamjua mtu fulani, hapana shaka!

Hapo mjini Chennai kwenyewe kuna Kapaleeshwarar, mtaa wa Mylapore. La kwanza lilikuwa ufukweni, Wareno wakalivunja. Hili la sasa likajengwa ndani zaidi. Hapa ibada ipo asubuhi na jioni, kwa hiyo shika haya. Suruali ndefu na shati lenye mikono, kaptula hapana. Viatu unavua nje, kuna mtu wa kuvitunza, mpe rupia chache. Vaa soksi, kwa kuwa jua likishapanda mawe ya ule ua yanaunguza nyayo kwelikweli. Ukitembea, zunguka kwa kufuata mkono wa saa kama wenzako. Ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia, kama kwetu tu. Kuhani akikuletea jivu la kupaka kwenye paji la uso nawe hutaki, weka mkono kifuani na uiname kidogo, hatakukasirikia. Kihindi chako cha sinema kiache hotelini, huku ni Watamil. Sema “vanakkam”, ndiyo salamu yao, uone watakavyotabasamu.

Na mpaka wako ni mlingoti wa bendera. Kila hekalu kubwa la huko lina mlingoti mrefu, mara nyingi umevikwa shaba, umesimama mbele ya chumba cha ndani. Januari 2024 Mahakama Kuu ile ile ya Madras, kikao cha Madurai, iliamua katika shauri la hekalu la Palani kwamba asiye Mhindu asiuvuke. Zipo sehemu hawakazi sana, lakini wewe simama hapo bila kungoja kuambiwa. Dereva akikwambia atakupitisha kwa mlango wa nyuma kwa rupia mia tano, mwambie akurudishe hotelini.

Kama yupo ndugu wa kukaa na dada usiku mmoja, basi panda treni ya usiku kutoka stesheni ya Egmore uende Thanjavur. Hekalu la huko, Brihadeeswara, ndilo nilipendalo kuliko yote, mwenye Madurai yake asinichukie. Mfalme Rajaraja Chola alilimaliza mwaka 1010, mawe matupu ya matale, na mnara wake mkuu unakaribia mita 60. Madurai malango ndiyo marefu na patakatifu pamejificha chini; hapa ni kinyume, mnara uko juu ya patakatifu penyewe na malango yamenyenyekea. Utaambiwa kivuli chake hakianguki chini. Kinaanguka, nimekikalia.

Ukitosheka na kutazama juu, inama usome msingi, au mwombe mtu akusomee. Kuta za chini zimeandikwa Kitamil kama daftari la bohari: dhahabu iliyotolewa na uzito wake, wanawake 400 wachezaji ngoma wa hekalu, kila mmoja kwa jina na nyumba aliyopangiwa, na wafugaji waliokabidhiwa kondoo 96 ili samli ya taa moja isikatike. Saa kumi na mbili asubuhi malango yako wazi, wafagiaji bado wako kazini. Hapo uani picha unapiga, ila ndani usijaribu.

SWALI: Mjomba, nasoma Kerala. Wenzangu darasani wananialika hekalu la Padmanabhaswamy, lile lenye hazina. Niende? — Mkenya, Thiruvananthapuram

JIBU: Nenda nao hadi langoni. Kerala ni wakali kuliko Tamil Nadu, pale asiye Mhindu haingii kabisa, na hata Wahindu wanaume huvua mashati na kuvaa mundu, yaani shuka la kiunoni. Tangu vyumba vya chini vifunguliwe mwaka 2011 na dhahabu kuonekana, na ulinzi umezidi. Mnara unauona vizuri kutoka ukingoni mwa bwawa, uwangojee hapo.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1498 Vasco da Gama, akitoka Malindi na rubani aliyepewa huko, alifika Calicut, mji wa huko huko Kerala, akapelekwa hekaluni. Wareno walidhani ni kanisa, sanamu ya kike wakaiona Bikira Maria, wakapiga magoti wakasali. Wenyeji waliwaacha wamalize.