Si lazima dalili ziishe ndipo aanze kazi

Umeuliza kama mdogo wako mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ni lazima apone kabisa ndipo atafute kazi. Hapana, halazimiki kusubiri. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 312 wenye maradhi makali ya akili katika miji sita ya Ulaya kwa miezi 18. Waliosaidiwa kutafuta ajira ya kawaida moja kwa moja, na mshauri akaendelea kuwa nao hata baada ya kuajiriwa, asilimia 55 walifanya kazi. Waliopitishwa kwanza kwenye mafunzo ya maandalizi walikuwa asilimia 28. Na hofu ya familia nyingi kwamba kazi itamrudisha mtu wodini haikutimia: waliolazwa tena walikuwa wachache zaidi kwenye kundi lile la kwanza.

Ila ili mtu ahesabiwe kuwa amefanya kazi, ilitosha afanye angalau siku moja, kwa hiyo usizisome takwimu hizo kama ajira ya kudumu. Tena kazi iwe anayoitaka mwenyewe, siyo ile ndugu wanayoona inamfaa, na dawa asiache.

Kinachokwamisha wengi ni vitu vidogo sana. Dawa za usiku humwacha mtu na usingizi mzito asubuhi, anachelewa mara mbili tatu, anafukuzwa, halafu watu wanasema ugonjwa umemshinda. Muombeeni kwa mwajiri aingie saa nne badala ya saa moja, na mwulizeni daktari kama dozi inaweza kunywewa mapema jioni.