Msibandue nailoni kabla ya lipu

Jana nimepita saiti moja nikakuta vijana wawili wamebandua nailoni ya kinga kwenye fremu zote nane za madirisha ya alminiamu, wanapiga picha za kurusha statasi. Ukutani lipu bado. Nikageuza ndoo, nikakaa, nikaomba maji ya kunywa. Wadogo zangu, tuongee.

1. "Alminiamu haishiki kutu." Nani kawadanganya? Inashika, tena papo hapo unapoikata. Ila kutu yake ni ngozi nyembamba, ngumu, isiyoonekana, inayong'ang'ania hapo hapo na kuzuia hewa isile zaidi. Ya chuma hubanduka maganda, chuma kikaendelea kuliwa. Zile profaili, yaani vipande virefu vya kutengenezea fremu, za rangi ya fedha zimeongezewa ngozi hiyo kiwandani kwa umeme. Mnauza ngozi, jamani. Ikichubuka, mmeuza nini?

2. Skrubu ziwe stenlesi, hasa nyumba za karibu na bahari.

3. Nailoni. Hapa nitakaa kidogo, pananiuma.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye ufundi. Nyumba ya mama mmoja Kigamboni, madirisha kumi na moja. Nilitaka malizio ya hela yangu, nikabandua nailoni zote ayaone yakimeremeta. Akaona, akalipa, nikala pilau. Wiki iliyofuata mafundi lipu wakaingia. Saruji mbichi ikarukia fremu, ikalala siku mbili. Kuikwangua, chini yake madoa meupe.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikachukua asidi ya kusafishia tailzi, nikamimina kwenye sponji. Povu likachemka, mvuke unawasha pua, nami nachekelea: uchafu unatoka! Kumbe kilichokuwa kinatoka ni alminiamu yenyewe. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa, ndugu yake magadi; waulizeni mama zenu sufuria inakuwaje ikichemshiwa maharage ya magadi. Na asidi nayo inaila. Metali hii huliwa na huku na huku, na mimi niliilisha kotekote ndani ya wiki moja.

Mama alikuja saa kumi jioni. Akapitisha kucha kwenye fremu ya sebuleni, akanitazama. "Baba, hii umeipaka unga?" Hakufoka. Bora angefoka. Fremu nne nilizibadilisha kwa hela yangu, miezi miwili nikala kwa mkopo kwa mama ntilie.

Saruji ikiruka: maji mengi na kitambaa laini, saa hiyo hiyo.

4. Acheni nafasi ya silikoni kati ya fremu na ukuta. Kipande cha alminiamu cha mita 3 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 2, karibu mara mbili ya chuma.

5. Mmoja wao jana akanijibu, "Mzee, si bati tu hili." Bati! Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza Mnara wa Washington, kileleni kabisa waliweka kipande cha alminiamu, enzi hizo metali ya kuringia. Bei iliporomoka baada ya 1886, Hall kule Marekani na Héroult kule Ufaransa, kila mtu kivyake, walipopata njia ya kuitoa kwa umeme. Wote wawili wamezaliwa 1863, hesabuni wenyewe walikuwa na miaka mingapi. Nyie mnapiga picha.

Zile fremu nne nimezifunga kwenye banda langu la kuku. Kuku hawajawahi kulalamika. Mke wangu ndiye huwaonyesha wageni.