Mapenzi yafumbe, muziki useme wazi: kwa wanaoandaa mchezo wa nyimbo wa vijana

Ukitaka kuandaa mchezo wa nyimbo wa vijana, ule mwepesi wa kuchangamsha, wenye kijana na msichana wanaopendana na wote wawili roho zao ziko kwenye muziki, ushauri wangu wa kwanza ni huu: mapenzi yafumbeni, ndoto ya muziki isemeni wazi. Wengi hufanya kinyume. Mapenzi yanatangazwa tangu pazia linapofunguka, kwa viapo na machozi, na muziki unabaki pambo la kujazia nafasi baina ya maneno. Wazazi wanainamisha vichwa, waigizaji wenyewe wanaona haya, na hadithi inakuwa imekwisha kabla haijaanza.

Mimi hufanya kazi hii na vijana wa sekondari hapa Unguja, jioni, baada ya skuli na chuo cha Kurani. Ninachokiandika hapa nimekiona kikifanya kazi mbele ya watazamaji wa mtaani, wale ambao kisipowafurahisha wanainuka na kuondoka.

Sisi tuna bahati ambayo wengi hawana. Taarabu imetufundisha kumwambia mtu jambo bila kulitaja. Mwimbaji anaimba ua, njiwa, bahari au tunda, na ukumbi mzima unajua kinachosemwa, ingawa hakuna anayeweza kusimama akathibitisha. Katika mchezo wa vijana hili ni dhahabu. Msichana wa miaka kumi na sita akimwambia mvulana jukwaani "nakupenda", hapo hapo hakuna tena cha kusubiri. Lakini mvulana akiimba kuhusu taa, na msichana peke yake ndiye aliyewasha taa usiku ule, watu wanaanza kuguna, wanasukumana viwiko, wanakuwa washirika wa siri.

Nieleze kwa mchezo tulioutunga wenyewe. Msichana anajifunza kanuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi. Mvulana anatengeneza biti za singeli kwenye simu yake. Wanakaa Michenzani, katika maghorofa yale marefu, madirisha yao yanatazamana. Mvulana anatunga wimbo unaoanza hivi: "Taa ile ya jirani, yanimulika na mimi." Hakuna jina, hakuna neno la mapenzi. Biti inavuja, vijana wote wa mtaa wanauimba, na mama mmoja wa ghorofa ya juu anaamini kabisa kwamba anasemwa yeye, kwa sababu amevuta umeme wa ngazini bila kulipia. Anajibu kwa mpasho wake mwenyewe. Kutoka hapo mchezo unajiendesha. Fumbo halina mwenyewe: likishaimbwa, yeyote mwenye jambo moyoni atalichukua liwe lake. Kila aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa taarabu analijua hili, ndiyo maana vicheko vinakuja vyenyewe na huhitaji kumfanya mtu yeyote kuwa mjinga ili watu wacheke.

Kwa hiyo, mnapotunga, msianze na mazungumzo. Anzeni na fumbo moja zuri, kisha jiulizeni: nani mwingine katika mtaa huu anaweza kulichukua vibaya? Mkipata watu watatu mna mchezo mzima.

Sasa ndoto ya muziki. Hii isifumbwe hata kidogo. Watazamaji lazima wajue mapema, kwa maneno ya wazi, kijana huyu anataka nini na nani anamzuia. Wimbo wa msichana kwa mama yake tuliuweka mwanzoni kabisa, kwa mizani ya shairi, nane kwa nane:

Nipe ruhusa mamangu, kanuni yangu kupiga
Hii ndiyo ndoto yangu, si mzaha wala soga

Nawasihi mshike vina na mizani hata kama biti yenu ni ya kisasa. Si kwa ajili ya kuwaridhisha wazee. Mistari yenye mizani sawa huingia kichwani haraka, kijana mwenye woga anaishika na haimponyoki, na bibi aliyekaa nyuma anadakia kina kabla hakijafika. Hiyo ndiyo furaha yenyewe ya ukumbini.

Na tafadhali, mama asiwe adui. Hofu ya mzazi juu ya binti anayetaka kupanda jukwaani ni ya kweli, ina historia, na ikidharauliwa mchezo unakuwa mwepesi kwa maana mbaya. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na katika vikundi vya namna hiyo wapiga ala walikuwa wanaume. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuja mjini, alidharauliwa kwa asili yake, kisha mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili na sauti yake ikafika kila bandari ya mwambao huu. Leo msichana anaweza kujifunza kanuni, udi au fidla kwenye chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kile kiitwacho DCMA, kilichoanza Mji Mkongwe mwaka 2002. Baina ya Siti na msichana huyu pana safari ndefu, na mama anaweza kuwa amesimama katikati ya safari hiyo bila kujua aende wapi. Katika mchezo wetu bibi ndiye anayemkumbusha habari za Siti, kwa upole, huku anasuka ukili. Mwache mama aimbe hofu yake, wimbo mzima, na mtungieni muziki mzuri kuliko wote. Watu watampenda, na akikubali mwishoni watafurahi kwa ajili yake pia.

Kuhusu muziki wenyewe, swali linaloulizwa kila mara ni vipi taarabu na singeli vitakaa pamoja. Singeli inakimbia, mara nyingi inapita mapigo 200 kwa dakika. Taarabu inatembea kwa madaha. Ukizigonganisha tu unapata kelele. Njia tuliyoipata iko hapa hapa nyumbani: kidumbaki. Ngoma mbili ndogo, fidla, vijiti vya mkwasa, cherewa za kutikisa, na lile sanduku lenye kamba moja linalotoa besi. Nyimbo zake nyingi zimetoka kwenye taarabu lakini zimekazwa ili watu wacheze. Wimbo wa pamoja wa wapenzi wetu, ule wa karibu na mwisho, unaanza na kanuni peke yake, unaingia kidumbaki, ndipo biti ya mvulana inapanda juu yake. Watazamaji wanasikia vijana wawili wakikutana kabla hawajasema neno. Hapo huna haja ya kukumbatiana.

Nikiwa bado kwenye kukumbatiana: msiweke. Simzungumzii mkaguzi wala mwalimu mkuu, nazungumzia sanaa. Tuna kanga. Kanga iliyoanikwa barazani, upepo unaigeuza, mvulana anasoma maandishi ya kanga hiyo kutoka dirisha la pili: "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Anakohoa. Ukumbi unalipuka. Waigizaji wako wamesimama mita tano mbali, hakuna aliyemgusa mwenzake, na hakuna mzazi atakayekuja kumtoa mwanawe kwenye mazoezi.

Jambo la sauti za wavulana linahitaji moyo wa subira. Mvulana anapobalehe zoloto lake hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa karibu oktava nzima. Wengi hupitia hali hii wakiwa katika umri ule ule tunaowaita jukwaani. Sauti inakatika katikati ya neno, na mtoto anayependa kuimba anaanza kujificha. Usimwambie akaze. Kaa naye kwenye kinanda, tafuta noti tano au sita anazozifikia bila kukunja uso, na wimbo utungwe ndani ya noti hizo. Mpime tena kila baada ya wiki chache, maana zitahama. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kushusha wimbo mzima ufuate sauti yake, lakini mpiga kanuni lazima ajulishwe mapema: ala ile ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kuzilinganisha upya si kazi ya dakika mbili. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na unyevu wa hewa yetu huilegeza. Kanuni ifike ukumbini mapema, ilinganishwe pale pale itakapopigwa.

Mengine ni ya kawaida. Ombeni kibali mapema. Mkitumia wimbo wa mtu mwingine, fikeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mjue haki zake. Mazoezi yasigongane na chuo wala na magharibi. Ramadhani mwezi mzima hakuna kitu. Maonyesho yapangeni Idi, wakati watoto wana nguo mpya na pesa za sikukuu mkononi.

Mwisho wa hadithi, msimpe msichana tuzo ya kimataifa. Wengi wanataka amalizie Sauti za Busara, kwenye jukwaa la Ngome Kongwe, huku dunia nzima inampigia makofi. Tamasha hilo lilianza 2004, kwa kawaida hufanyika Februari, na ni haki ya vijana kuliota, nami nawaambia waliote kwa nguvu zao zote. Ila katika mchezo, onyesho lake la kwanza liwe harusi ya mtaani. Hapo watu wote wa mchezo wanaweza kuwepo: mama, bibi, yule jirani wa umeme, na mvulana nyuma ya spika.

Na kwa sababu ni harusi, watazamaji halisi nao watainuka kuja kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha. Tegemeeni hivyo. Mama zao halisi watapanda jukwaani wakicheza, noti mkononi, wimbo ukiendelea. Msiwazuie, na msisimamishe muziki. Tungeni kiitikio kinachoweza kurudiwa mara nyingi kadiri foleni inavyoendelea, na muwe na kijana mmoja wa kuwaonyesha wapigaji wakati wa kutoka kwenye kiitikio. Kubalianeni kabla ya siku yenyewe nani anashika fedha hizo na zinakwenda wapi. Kwetu nauli za waigizaji hulipwa kwanza, kisha nyuzi za kanuni, na kinachobaki hugawanywa sawa kwa kila aliyekuwepo kwenye mazoezi, pamoja na aliyebeba viti.